Kijana mwenye kisukari: kujifunza kujichoma insulini bila kuachwa peke yake

Kijana wa kidato cha pili anaanza kuamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda kukojoa. Mchana hashibi maji. Sare ya shule iliyomkaa vizuri mwezi uliopita sasa inamning'inia. Anakula kuliko kawaida lakini anakonda, na darasani anasinzia. Nyumbani wanasema ni malaria, au minyoo, au ni kukua tu. Jirani mmoja ananong'ona kuhusu Ukimwi, mwingine anaona mkono wa mtu. Wiki chache baadaye kijana anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Anapofikishwa hospitali hajitambui.

Hivyo ndivyo kisukari aina ya kwanza kinavyojitokeza katika familia nyingi, na ndivyo kinavyoua kabla hakijatajwa jina. Kipimo chake ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kabla dakika haijaisha. Ukiona dalili hizo kwa mwanao, mwambie mhudumu wa afya waziwazi: naomba apimwe sukari. Sema hivyo hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Makala haya ni kwa ajili ya kijana ambaye amekwisha kupimwa na kuambiwa, na kwa watu wanaoishi naye: wazazi, bibi, walimu, na rafiki anayekaa naye dawati moja.

Si kisukari cha babu

Swali linalosikika sana vijijini ni hili: babu yake ana kisukari na anaishi kwa vidonge, kwa nini mtoto achomwe sindano kila siku? Jibu ni kwamba majina yanafanana lakini ugonjwa ni tofauti. Mwili wa babu bado unatengeneza insulini, ila haifanyi kazi ipasavyo au haitoshi. Kwa kijana mwenye aina ya kwanza, kinga ya mwili imeshambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini na kuiharibu. Bila insulini, sukari inayotoka kwenye chakula hubaki ndani ya damu na haiingii mwilini kutumika kama nguvu. Mwili unaanza kujila wenyewe, na uchafu unaotokana na hapo ndio unaoleta kutapika na kuhema. Vidonge vya babu haviwezi kuchukua nafasi ya insulini iliyokosekana, na kumpa kijana vidonge hivyo badala ya sindano ni kumweka hatarini.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na kula pipi wala chai yenye sukari nyingi. Mama hakukosea kitu wakati wa ujauzito.

Mtu wa kwanza duniani kutibiwa kisukari kwa sindano ya insulini alikuwa kijana. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 alipochomwa katika hospitali ya Toronto, nchini Canada, Januari 1922. Kabla ya hapo madaktari waliwapa watoto wa aina yake chakula kidogo sana ili kuwaongezea miezi, na mwisho wake ulijulikana. Dawa ya kwanza aliyochomwa haikuwa safi na ilimletea shida. Iliposafishwa na kurudiwa baada ya siku chache, sukari yake ilishuka na nguvu zikaanza kurudi. Aliishi miaka mingine 13. Leo mtu aliyeanza insulini utotoni anaweza kuishi hadi uzee, akasoma, akaoa au kuolewa, akapata watoto.

Miezi inayodanganya

Kuna jambo moja ambalo wahudumu wa kliniki wangetamani kila familia ilijue kabla ya kuondoka wodini. Wiki au miezi michache baada ya kuanza insulini, kongosho huweza kupata nafuu ya muda. Visehemu vilivyobaki hutoa insulini kidogo, sukari hutulia, na dozi inayohitajika hupungua sana. Hali hii ni ya kawaida, na huisha.

Hatari ni kile familia inachokuwa inafanya wakati huohuo. Kama kijana alikuwa akinywa dawa ya mizizi, watasema mizizi imemponya. Kama alikuwa akiombewa, watasema amepona. Sindano inaachwa. Siku chache baadaye, mara nyingi pamoja na homa au mafua, kijana anarudi kwenye kutapika na kuhema, na safari hii kituo cha afya kinaweza kuwa mbali kuliko muda uliobaki. Kuomba hakukatazwi na yeyote. Kinachoua ni kuacha insulini. Hakuna dawa ya asili, ya duka wala ya kutangazwa kwenye simu inayoponya kisukari aina ya kwanza. Dozi inapungua kwa maelekezo ya kliniki, lakini haiachwi.

Kanuni hiyo inahusu pia siku za kuumwa. Kijana mwenye homa ambaye hataki kula bado anahitaji insulini, wakati mwingine hata zaidi ya kawaida. Apimwe mara nyingi, anywe maji, na kama anatapika apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mambo ya kila siku

Vijana wengi wa kwetu hutumia insulini iliyochanganywa, asubuhi na jioni. Wengine wana aina mbili: ya muda mrefu, na ya haraka kabla ya kila mlo. Ile yenye ukungu kama maziwa hubingirishwa taratibu katikati ya viganja hadi ichanganyike, haitikiswi kama dawa ya kikohozi. Bomba la sindano liwe lile la insulini, lililoandikwa uniti 100, kwa sababu mistari yake imepimwa kwa dawa hiyo. Bomba jingine linaweza kumpa dozi isiyo yake.

Sindano huchomwa kwenye nyama laini chini ya ngozi: tumboni, mapajani, makalioni au nyuma ya mkono wa juu. Sehemu ibadilishwe kila mara. Kijana akizoea kuchoma mahali pamoja kwa sababu hapaumi, pataota uvimbe laini, na insulini inayoingia hapo haifanyi kazi sawasawa. Sindano haiazimwi, hata kwa ndugu mwenye kisukari. Zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya, zisitupwe shimoni ambako watoto huchezea.

Kuhusu chakula, hahitaji sufuria lake. Ugali, maharage, mchicha, dagaa, viazi, mihogo na wali ni chakula chake pia. Linalohitaji uangalifu ni kiasi cha wanga na saa ya kula. Ugali wa leo usizidi sana wa jana kama dozi ni ileile, na mboga na maharage yajaze sehemu kubwa ya sahani. Soda na juisi za sukari ni dawa ya sukari iliyoshuka, si kinywaji cha kila siku. Sindano za aina nyingi zinazopatikana kwetu huchomwa kama nusu saa kabla ya kula, na hapo pana mtego: akichoma halafu chakula kikachelewa, sukari itashuka. Ahakikishe kwanza chakula kipo jikoni.

Kliniki humpa kila kijana kiwango chake, lakini kwa wengi lengo ni sukari kati ya 4 na 10. Vijiti vya kupimia ni ghali na huadimika. Kama ni vichache, visaidie pale vinapojibu swali: asubuhi kabla ya kula, usiku kabla ya kulala, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Aandike namba kwenye daftari pamoja na dozi na alichofanya siku hiyo. Siku ya kulima au ya mpira sukari hushuka zaidi, na inaweza kuendelea kushuka usiku akiwa amelala. Kwa hiyo ale kitu kabla ya kazi na apime kabla ya kulala.

Sukari ikishuka

Ukisoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii. Sukari iliyo chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma kwa mamia) ni dharura ya dakika, si ya saa. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi. Mwalimu asiyejua anaweza kumchapa kwa utovu wa nidhamu. Ikishuka zaidi anapoteza fahamu au kupata degedege, na wasiojua husema amepandisha mapepo.

Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpime. Kama haijapanda, rudieni. Ikipanda, ale chakula: ndizi, kiazi, kipande cha mkate. Kama hamna mashine na hamjui imepanda au imeshuka, mpeni sukari kwanza. Sukari kidogo kwa mtu ambaye ilikuwa juu haitamdhuru sana, lakini kuchelewa kwa ambaye imeshuka kunaweza kumuua.

Akiwa hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu, mpakeni sukari iliyoloweshwa kidogo au asali kwenye fizi ndani ya shavu, na tafuteni usafiri wa kwenda hospitali hapohapo. Msimchome insulini.

Kijana mwenye kisukari asitoke nyumbani bila sukari mfukoni. Glukosi ya pakiti ni nzuri, lakini sukari ya kawaida iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni inatosha. Na ijulikane kuwa ni dawa, wadogo zake wasiilambe.

Insulini bila friji

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, mahali pasipo joto kali wala jua. Nyumba isiyo na umeme hutumia chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kichupa ndani ya kopo au mfuko uliofungwa ili kisilowe, na kifuniko cha kitambaa kibichi. Kiwekwe kivulini penye upepo. Mbinu hii hufanya kazi vizuri zaidi kwenye hewa kavu kama ya Dodoma na Singida kuliko Pwani, ambako unyevu wa hewa huzuia maji kukauka haraka.

Kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, ilitoa jibu muhimu kuhusu suala hili. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama ilivyo ndani ya nyumba za pale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa dawa ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Kwa hiyo kukosa friji si sababu ya kumnyima mtoto insulini ya kwenda nayo nyumbani. Iliyoganda barafu itupwe, hata kama imeyeyuka. Ile ya maji maangavu ikibadilika kuwa na ukungu itupwe pia, na ile ya maziwa ikionyesha vipande visivyochanganyika isitumike.

Mkono umejua, lakini kichwa bado kinakua

Mtoto wa miaka 12 anaonyeshwa kujichoma. Anafanya vizuri, na nyumba nzima inashusha pumzi: sasa anajua. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeuliza. Hapa ndipo familia nyingi zenye nia njema hukosea.

Kujua kuchoma ni kazi ya mkono. Kukumbuka kuchoma asubuhi na jioni, mwaka mzima, siku ya harusi ya dada, siku ya kugombana na rafiki, siku ya kuchoka tu, ni kazi ya mtu mzima, na hata watu wazima huwashinda. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba vijana ambao wazazi wao huendelea kushirikiana nao hudhibiti sukari vizuri kuliko walioachiwa mapema. Kushirikiana si kumshikia sindano. Ni kuwa jicho la pili: yeye anavuta dawa, mzazi anasoma mstari kabla haijachomwa. Yeye anapima, jioni wanaliangalia daftari pamoja. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza. Ahesabu sindano zilizotumika, aone kama kichupa kinapungua inavyostahili.

Ugumu huongezeka kwa sababu ya balehe yenyewe. Homoni za kukua hupunguza nguvu ya insulini, kwa hiyo kijana asiyekosea chochote anaweza kuona namba zikipanda wiki hadi wiki. Baadhi ya wasichana huona sukari ikipanda siku chache kabla ya hedhi. Dawa ya hali hiyo ni dozi kurekebishwa kliniki. Lakini nyumbani swali linalotoka ni: umekula nini? Kijana aliyeulizwa hivyo mara kumi huanza kuficha. Anaandika 7 kwenye daftari wakati mashine ilisema 17. Mashine nyingi hutunza kumbukumbu, kliniki wataiona, na sasa ana aibu mbili badala ya moja.

Namba si alama ya mtihani. Ikiwa 17, swali linalosaidia ni: tufanye nini? Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo, lakini la kwanza linamfanya mshitakiwa na la pili linamweka upande mmoja na wewe. Nina hakika zaidi na jambo hili kuliko ushauri mwingi wa vyakula unaotolewa kwa familia hizi.

Zipo siku kijana atasema amechoka na hachomi tena. Ni kauli ya kuchukuliwa kwa uzito, bila kumgombeza na bila kumwacha. Siku hiyo mzazi achome yeye, apumzike mtoto. Hali ikiendelea, akijitenga, asipolala, akisema hana faida, aambiwe daktari au muuguzi wa kliniki haraka. Huzuni ya muda mrefu ni sehemu ya ugonjwa inayotibika.

Wafungaji wa Ramadhani wazungumze na kliniki mapema. Kwa mwenye aina ya kwanza kufunga kuna hatari kubwa, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Kijana mara nyingi hufunga kimyakimya ili asionekane tofauti, kwa hiyo ni vizuri maneno hayo ayasikie kutoka kwa shehe au mwalimu wake wa madrasa.

Shuleni na bwenini

Mzazi asimpeleke mtoto bweni kabla ya kukaa na mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, na matroni au patroni. Aeleze mambo machache: anachomwa saa ngapi, insulini itakaa wapi, aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji, aruhusiwe kula kitu darasani sukari ikishuka, asipewe adhabu ya kukimbia au kulima kabla ya kula. Yaandikwe kwenye karatasi moja, pamoja na namba ya simu ya nyumbani na ya kliniki, ibandikwe ofisini. Walimu huhamishwa, karatasi inabaki.

Kisha wanafunzi. Kijana hana haja ya kutangaza ugonjwa wake mstarini, lakini rafiki wawili watatu lazima wajue, hasa anayelala kitanda cha jirani. Wafundishwe jambo moja: akitetemeka au akiongea ovyo, sukari iko mfuko huu, na mmoja akimbie kumwita matroni. Anayejichoma chooni kwa siri, sehemu chafu, akiogopa kudhaniwa anatumia dawa za kulevya, ndiye siku ya kuanguka hakuna atakayejua la kufanya.

Mwenzake anayejichoma

Mara nyingi anayemsaidia kijana kuliko wote ni kijana mwingine mwenye sindano mfukoni. Anaona kwamba mtu aliyeanza miaka kumi iliyopita amemaliza chuo. Ndiyo maana kliniki nyingi za watoto huwapangia siku moja, na vyama vya kisukari huandaa kambi za siku chache ambako wote hupima na kuchoma pamoja bila kujificha. Uliza kliniki yako kama ipo, na kama wana kundi la simu linalosimamiwa na muuguzi. Makundi yasiyo na msimamizi yana wauza dawa za kuponya, na hao wapo wengi.

Kuhusu gharama, Tanzania na Kenya zimo katika mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark pamoja na washirika wake, ambao hutoa insulini na vifaa bure kwa watoto na vijana kupitia kliniki zilizochaguliwa. Agosti 2022, mkutano wa nchi za Afrika za Shirika la Afya Duniani uliofanyika Lomé, Togo, ulipitisha mkakati wa PEN-Plus wa kusogeza huduma za magonjwa kama haya hadi hospitali za wilaya. Kama unasafiri hadi mkoani kwa ajili ya kliniki, uliza hospitali ya wilaya yako wamefikia wapi.

Misaada ya watoto ina ukomo wa umri. Ulizeni ukomo huo mapema, mwaka mzima kabla haujafika, na mwombe barua ya kuhamishiwa kliniki ya watu wazima yenye dozi na historia ya matibabu. Vijana wengi hupotea hapo katikati, hasa wanaokwenda mjini kutafuta kazi. Anayesafiri abebe insulini ya mwezi mzima na mabomba yake, kwenye mkoba anaoupakata, si kwenye buti la basi ambako joto hupika kila kitu. Na kabla hajaondoka, awe ameshapiga simu kliniki ya huko aendako kujua siku yao.